Safari ya familia Dodoma mpaka Kigali kwa gari: tubuku malazi yote mapema au tutafute hukohuko?

MamaNoela_Kisasa

Habari zenu wadau, shikamoo kwa wakubwa zangu. Naomba ushauri kwa waliowahi kusafiri na familia nzima kwa gari binafsi kutoka hapa Dodoma kwenda Rwanda. Tumepanga mwezi wa sita shule zikifunga twende Kigali alafu tusogee mpaka Karongi watoto wakaone Ziwa Kivu. Gari ni Noah yetu, dereva baba watoto, na tupo sita: sisi wawili, mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, na watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili na wa mwisho ana miaka minne. Pasipoti za wote zipo tayari, mpaka ya huyo mdogo.

Sasa kinachotubishanisha nyumbani ni malazi. Baba watoto anasema tukienda Mwanza au Mbeya huwa hatubuku popote, giza likiingia tunaingia gesti, tunaangalia chumba, tunapatana bei, tunalala, kwahiyo hata huko iwe hivyohivyo. Mimi roho inakataa kabisa. Nchi ya watu, lugha yao hatuijui, gari limejaa watoto wenye usingizi na bibi yao kachoka, alafu tuanze kuzunguka usiku tunagonga mageti ya watu kuulizia vyumba? Ila upande wa pili na mimi naogopa nikilipia kila usiku kabla ya kuondoka, tukikwama pale mpakani Rusumo hela imeliwa. Nimeingia kwenye ile mitandao ya kubuku nikaona bei zote kwa dola, chumba kinaandikwa watu wawili, nikiandika sisi sita inaniletea majumba makubwa ya bei ambayo hata sitaki kuitaja. Na sijui kama picha wanazoweka ndio hali halisi.

Naombeni mnisaidie, usiku upi ni lazima niubuku na upi naweza kuuacha? Na mwenye watoto anaulizia nini kabla hajakubali chumba?

Dereva_wa_Manyoni

Dada MamaNoela karibu. Njia hiyo naiendesha miaka mingi nakujibu kwa ninachokijua. Usiwaze safari yote kwa pamoja, angalia usiku mmojammoja maana kila usiku una hali yake.

Usiku wa kwanza laleni Kahama. Tokeni Dodoma alfajiri, Manyoni, Singida chai, mnashuka Sekenke taratibu kabisa nyuma ya malori na msijaribu kuyapita kwenye zile kona, Igunga, Nzega, jioni mko Kahama bila kukimbizana. Kahama ni mji wa wafanyabiashara na watu wa migodi, gesti na loji zipo nyingi sana, hapo hata usipobuku mwezi mzima kabla haina shida. Mnachofanya mkifika Nzega piga simu mbele, sema unataka vyumba viwili vya selfu vilivyokaribiana chini na sehemu ya kuweka gari ndani ya geti. Vyumba havikosekani, tatizo ni kupata viwili pembeni kwa pembeni saa mbili usiku, hapo ndo unapewa kimoja gorofani na kingine nyuma kule kwenye jenereta.

Usiku wa pili ndio wenye kazi, usiku wa kuvuka. Huo BUKU. Sasa watu wengi wanabuku Kigali moja kwa moja kwasababu kwenye ramani kutoka Rusumo ni kilomita kama 160 tu, wanasema masaa mawili. Hapana. Tangu lile daraja jipya na kituo cha pamoja vizinduliwe mwaka 2016 mambo yamekuwa mepesi, mnagongewa kutoka na kuingia sehemu moja, watu wanapita haraka. Gari ndilo linalokuchelewesha. Wanataka kadi ya gari, kama jina la kwenye kadi sio la mzee basi barua ya mwenye gari, bima ya kuvuka ile kadi ya njano ya COMESA (katieni hukuhuku Dodoma kwenye kampuni yenu ya bima msiache mpaka mfike pale), na kibali cha gari kuingia. Siku nyingine unamaliza fasta, siku nyingine mtandao uko chini unakaa mpaka watoto wanalala kwenye mabenchi. Huwezi kujua.

Alafu ukivuka tu unaanza kuendesha KULIA. Mzee hata awe dereva mzuri vipi, usukani wake upo kulia na barabara ipo kulia, hamuoni vizuri wa mbele yake akitaka kupita, milima na kona mwanzo mwisho, spidi ndogo na kamera zipo za kutosha. Siku ya kwanza ya hivyo usimpe na giza juu yake. Ndio maana mimi familia zote ninazozishauri nawaambia laleni Kayonza au Rwamagana, ipo njiani, miji imetulia, asubuhi mnaingia Kigali mmeamka na macho yamezoea upande. Kigali itakuwepo tu kesho yake.

Chinangali_Boy

Mimi natofautiana kidogo na kaka Dereva, naona dada mnamtisha. Rwanda ni nchi salama na imenyooka, gesti zipo kila mji na ukifika mwenyewe unaona chumba kwa macho, unaonja maji kama yanatoka, unanusa mashuka, ndo unalipa. Kwenye mtandao unalipia picha. Na bei ya mtu aliyesimama mapokezi na mabegi saa kumi jioni inapungua, bei ya mtandaoni haina wa kuongea nae. Mimi na jamaa zangu tulienda hatukubuku hata sehemu moja na hatukulala nje. Buku usiku wa kwanza Kigali basi ili roho ya mama itulie, huko kwingine nendeni mkaangalie.

mama_wawili_Nkuhungu

Kaka Chinangali wewe na jamaa zako mngeweza kulala hata kwenye gari na asubuhi mkacheka. Mtoto wa miaka minne akishalala begani huwezi kumwambia subiri tukaangalie gesti ya tatu, na bibi mwenye magoti kila akishuka kwenye Noah na kupanda ni maumivu. Hiyo bei utakayopunguziwa haifidii.

MamaNoela mpenzi, kuhusu watu sita nikueleze maana hapo ndipo wengi tunapoumia. Kwenye hiyo mitandao usiandike watu wazima sita. Kuna sehemu ya watoto, weka idadi yao na UMRI wa kila mmoja, kwasababu kila nyumba ina utaratibu wake, kuna wanaolaza bure mtoto mdogo kwenye kitanda cha wazazi, kuna wanaotoza kitanda cha ziada kuanzia umri fulani, kuna ambao huyo wa kidato cha pili wanamhesabu mtu mzima kabisa. Na usitafute nyumba moja ya kuwatosha wote, tafuta vyumba viwili au vitatu sehemu moja ndo bei inarudi kwenye akili. Wewe unalala na huyo mdogo na baba yake, bibi analala na wajukuu kwenye chumba cha vitanda viwili au vitatu.

Hapo kwenye vitanda uliza tena na tena. Sisi tulifika nyumba moja ya wageni huko huko Rwanda, kwenye simu tumekubaliana vyumba viwili, tumefika kimoja kimepewa mtu mwingine, tukaonyeshwa hicho kilichobaki kina kitanda kimoja cha tano kwa sita, tukaambiwa watoto watalala chini na godoro litaletwa. Godoro lenyewe lililetwa saa nne usiku, sponji jembamba limetoka stoo lina unyevu, na Rwanda usiku kuna baridi sio kama huku kwetu. Mume wangu aliwaonyesha mapokezi meseji zao wenyewe za WhatsApp zenye tarehe na idadi ya vyumba, ndipo wakatafuta chumba cha pili kwa jirani yao na wakalipia wao. Kama tungekuwa tumeongea kwa mdomo tu hakuna ambacho kingefanyika.

Kwahiyo hata ukibuku mtandaoni, tafuta namba ya hiyo sehemu, za Rwanda zinaanza na +250, waandikie WhatsApp mwenyewe. Mimi huwa naandika hivi, chukua ubadilishe: "Habari, tumebuku vyumba viwili kwa jina fulani tarehe fulani. Tuko watu wazima watatu na watoto watatu wenye umri huu. Tunaomba chumba kimoja kiwe chini kabisa bila ngazi kwa ajili ya mama mzee. Tunakuja na gari kutoka Tanzania, tunaomba paking ndani. Tunaweza kuchelewa mpakani, tutafika kati ya saa hii na saa hii, je mapokezi kutakuwa na mtu? Na jikoni mnafunga saa ngapi?" Wakikujibu yote, hao ni watu wa kulala kwao. Wakikujibu "ok karibu" tu, endelea kutafuta.

Hilo la ngazi usilipuuze. Ile nchi imejengwa kwenye milima, unakuta hoteli nzuri mapokezi yako juu barabarani na vyumba vinashuka ngazi hamsini kwenda bondeni. Kwenye picha huzioni.

Mtz_Kigali

Nimeona uzi nikaona nichangie, naishi huku kikazi. Niongeze mambo ambayo ukiwa Dodoma huwezi kuyajua.

Kwanza saa. Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Huku ikiwa saa kumi na moja jioni Dodoma ni saa kumi na mbili. Kwenda mnafaidika, mkivuka mnarudishiwa saa nzima, ila mkiandikiana na hoteli semeni kabisa ni saa za Rwanda. Na kwenye uthibitisho wa buking saa zinaandikwa kwa mtindo wa 14:00, hiyo ni saa nane mchana ndo mnaruhusiwa kuingia chumbani, sasa mkilala Rwamagana mtafika Kigali saa nne asubuhi vyumba bado. Ombeni muache mizigo na gari, wengi wanakubali.

Pili, angalieni kalenda. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni Umuganda, nchi nzima inafanya kazi za jamii kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, maduka yanafungwa na barabarani magari hayatembei, mtasimamishwa. Msipange kuhama hoteli au kuanza safari asubuhi hiyo. Laleni mpaka saa tano au muwe mmeshafika mnakokwenda tangu Ijumaa. Na Jumapili mbili za mwezi Kigali wanafunga baadhi ya barabara asubuhi watu wafanye mazoezi, hiyo haina shida sana ila ulizeni kama geti la hoteli yenu liko kwenye barabara hizo.

Kuhusu kujaa: nyie wa Dodoma mnajua kikao cha Bunge la bajeti kikianza vyumba vinavyopotea mjini na bei zinavyopanda. Kigali ni hivyohivyo ukiwepo mkutano mkubwa pale Kigali Convention Centre, wageni wanajaa mpaka kwenye vigesti vya Remera na Kimironko. Kwahiyo kaka Chinangali inawezekana alifika wiki iliyotulia akadhani ndo kawaida. Kuanzia mwezi wa sita ni kiangazi, watalii wa sokwe wanaanza kuwa wengi, Karongi nako wikiendi watu wa Kigali wanashuka ziwani.

Kwa familia ya bajeti ya kawaida angalieni nyumba za wageni za makanisa. Kigali mjini kuna Centre Saint Paul ya Wakatoliki, Karongi kuna Home Saint Jean na Centre Béthanie ya Wapresbiteri, zote mbili ziko kwenye ziwa kabisa, watoto wanaamka wanaliona. Ni sehemu safi, tulivu, gari linalala ndani. Ila kwasababu ni nafuu, vikundi vya semina na harusi huwa vinachukua vyumba vyote kwa mkupuo, kwahiyo hizo ndo za kuandikia mapema kuliko hoteli. Hapo Karongi ningekuwa wewe nisingeacha wazi.

Lugha isikutie hofu. Kiswahili ni lugha rasmi huku tangu 2017, sio kila mtu anakiongea vizuri lakini mapokezi humkosi wa kukuelewa, na ukikaa Nyamirambo utajiona uko nyumbani, Waislamu wa pale Kiswahili ndo lugha yao ya mtaani. Nyamirambo vyakula vizuri na bei nzuri, ila mtaa unachelewa kulala, kwa bibi mimi ningechagua Kimihurura au Kacyiru.

Vitu vidogo: mifuko ya plastiki huku imekatazwa tangu 2008 wanakagua mpakani, nguo za watoto msizifunge humo. Soketi za ukutani ni zile za matundu mawili ya mviringo, chaja zetu za pini tatu haziingii, nunueni adapta hapo Dodoma kabla ya safari kwasababu usiku wa kwanza simu ndo yenye ramani na uthibitisho wa vyumba.

Chinangali_Boy

Sawa Mtz_Kigali hilo la mikutano nimekuelewa. Ila bado nasema usiku mmoja uachwe wazi. Familia ikipapenda Karongi itake kubaki siku moja zaidi itafanyaje kama kila kitu kimeshalipiwa?

mama_wawili_Nkuhungu

Hapo nakuunga mkono kaka. Kubuku sio lazima kulipia, ndo maana kuna za kughairi bure.

MamaNoela_Kisasa

Jamani nawashukuru kwelikweli, nimemsomea baba watoto yote na lile la kuendesha kulia na giza limemgusa, amekubali tulale Rwamagana. Nimeshawaandikia sehemu mbili kwa ile meseji ya mama_wawili. Moja wamejibu kila swali mpaka wameniambia kuna chumba cha chini chenye choo cha kukaa, nyingine wamejibu "welcome" basi nimeachana nao.

Swali lililobaki ni malipo. Sina kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, na hiyo ya kughairi bure naiogopa, nasikia watu wanakatwa hela na hawajalala.

Mhasibu_AreaC

Dada hapo niachie mimi. Ukifungua chumba kwenye mtandao utaona bei mbili za chumba kilekile. Ya chini imeandikwa hairudishwi, ya juu kidogo inasema unaweza kughairi bure mpaka tarehe fulani. Kwa safari yenye mpaka katikati chukua ya juu siku zote, ile tofauti ndogo ndo bima yako. Alafu soma mwisho wa kughairi ni LINI, tarehe na saa, na hiyo saa inahesabiwa kwa saa za huko hoteli ilipo. Watu wanaokatwa bila kulala ni wale wanaokaa kimya. Ukiona umekwama Rusumo na hutafika, usizime simu ukasema watajua wenyewe, waandikie kabla, wengi wanakusogezea siku. Asiyefika na hajasema chochote anatozwa usiku wa kwanza, hiyo ni haki yao kwasababu chumba walikizuia.

Kadi unaweza kutengeneza ya Visa ndani ya M-Pesa kwenye simu yako, unaijaza kiasi unachotaka. Lakini hata kama umechagua kulipa ukifika, acha hela kidogo ndani yake, kuna hoteli zinajaribu kadi kama inafanya kazi, zikikuta haina kitu buking inafutwa na unaweza usione ile barua pepe mpaka uko barabarani. Na nyumba za makanisa nyingi hazitaki hayo yote, mnakubaliana kwa meseji mnalipa mkifika kwa faranga.

Bei ukishaipata uliza mambo mawili, ina kodi ndani? VAT ya Rwanda ni 18% kama yetu, kwa familia ya vyumba viwili siku nne sio hela ndogo. Na chai ya asubuhi ni ya watu wangapi, maana chumba cha watu wawili chai ni ya wawili, huyo mtoto wa tatu anaongezewa kwenye bili.

Piga skrinshoti za kila uthibitisho na za zile meseji, ziwe kwenye simu mbili. Chapa na karatasi moja yenye majina ya sehemu zote mtakazolala, tarehe na namba za simu, muiweke na pasipoti, uhamiaji wakiuliza mnafikia wapi unawapa wasome.

Dereva_wa_Manyoni

Dada kabla hujafunga hesabu zako, kila mtu anazungumzia kwenda, kurudi je? Kurudi ile saa moja inachukuliwa. Mkitoka Kigali saa tatu asubuhi ya kwao kwetu tayari saa nne, Rusumo mnamaliza alasiri, na kipande cha kutoka mpakani kuja Lusahunga na Nyakanazi kina malori mengi sio cha kupita usiku na familia. Kahama hamtafika mapema. Usiku huo panga Ngara au Benaco, au mtoke Kigali jana yake jioni mlale tena palepale Rwamagana mvuke asubuhi na mapema. Kama hao waliojibu vizuri watawapokea vizuri, waambie siku hiyohiyo mnapoondoka wawawekee vyumba vilevile vya kurudia.

MamaNoela_Kisasa

Hilo la kurudi wala hatukulifikiria kaka. Nawaandikia leo leo hao wa Rwamagana tarehe mbili, ya kwenda na ya kurudi, zote za kughairi. Karongi nimewaomba usiku wa Jumapili mpaka wa Jumanne, na ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakuwa tumeshatulia Kigali tangu Ijumaa. Usiku wa Jumatano nauacha kama alivyosema Chinangali, bibi na wajukuu watajiamulia wakiwa hukohuko.

Mtz_Kigali

Vizuri sana. Barabara ya Kigali kwenda Karongi inapita Muhanga, ni kona tupu, mpe mdogo chakula kidogo asubuhi na mbebe mifuko ya karatasi.